Chini ya Zulia

Tulipoing'oa sakafu ya Datsani pale Shimanzi
kutu ilimwagika kama pumba.
Chumvi ya Mombasa haipigi hodi.

Fundi Shebwana alichomelea, akagonga,
akapuliza kabureta kama anayefufua kifaranga.
"Injini nzima. Mwili tu ndio umechoka."

Mimi nina madumu ya maji, jeki mpya,
na ramani hadi Marsabit.

Chini ya zulia la dereva, changarawe:
nyeusi, nyepesi,
zenye vitundu kama mkate wa sinia.
Si za pwani hizi.

Marehemu baba aliapa
gari hili halijawahi kuvuka Mariakani.

Nilimpelekea mama kiganjani.
Akazitazama,
akarudia kuchambua mchele wake,
wala hakuuliza
ni za wapi.