Hesabu ya Kona

Matamba, saa kumi na mbili kasoro,
umande umeganda juu ya tandiko la baiskeli.
Naufuta kwa kiganja; kiganja kinakataa kuwa changu.
Magunia mawili ya viazi yamelala nyuma,
yamekazwa kwa mpira wa tairi kuukuu,
fundo nililofundishwa na Obadia Tweve
kabla goti lake halijastaafu.

Chini kule ni Chimala. Haionekani.
Kinachoonekana ni ukungu, umejaa bonde zima
kama maziwa yaliyofura na mwenyewe hayupo jikoni.
Ndani yake mna treni, mna malori ya Tunduma,
mna majaruba ya mpunga, na Mama Sekela
anayenunua viazi kwa bei ya kunitazama usoni.

Barabara inashuka kwa kona.
Ni ngapi? Usiwaulize watu wawili pamoja.
Dereva wa Fuso atakwambia hamsini na kitu,
na hicho kitu hakijui.
Obadia husema hamsini na tisa,
maana mbili huzihesabu mara mbili:
moja alianguka, moja alichumbia.

Breki yangu ya mbele ni waya na imani.
Ya nyuma ni soli ya kandambili:
naigandamiza kwenye tairi kwa kisigino,
inalia, inanuka, inatii.
Kupanda, naisukuma baiskeli nusu kutwa.
Kushuka, baiskeli inanisukuma dakika arobaini.
Mlima hulipa hivyo,
mshahara wa kufumba na kufumbua,
na ukifumba kweli, huupati.

Kona ya Uji, tumbo linapoanza kudai.
Kona ya Geuza Shingo.
Kona ya Mchungaji, hapo hata asiyesali husali.
Kisha tatu hazina majina,
zimebanana kama vifungo vya shati la mtoto anayekua.

Kwenye ya ishirini na ngapi sijui
kijana ameketi juu ya jiwe,
kaptula imemkaa kama ganda lilivyokaa kiazi.
Ambonisye, wa Mbeya mjini.
Amelala Chimala, anapanda Matamba,
atakata Kitulo, ateremkie Isyonje, arudi kwao.
Duara.
Mzigo hana. Unakwenda kufanya nini huko?
"Kupanda," akasema.
Nikangoja amalizie sentensi.
Alikuwa amemaliza.

Tairi lake jembamba limetobolewa na changarawe.
Nikatoa msasa, kiraka, solusheni,
tukapuliza gundi kwa zamu kama wapishi wa kuni mbichi.
Baiskeli yake niliinua kwa kidole kimoja.
Yangu akaikumbatia, akakaza meno;
ikamtazama tu.
Hatukucheka. Halafu tukacheka,
mwangwi ukatucheka kutoka ng'ambo ya korongo.

"Zimebaki ngapi?"
Ishirini, nikasema. Niliongopa kwa huruma,
naye akanishukuru kama anayejua.
Akaondoka amesimama juu ya pedali,
kulia, kushoto, kulia,
kama mtu anayekataa jambo kwa mwili wote
na huku analitenda.

Jua likapasua ukungu. Usangu ikajitandaza,
kijani, maji, bati moja moja likimeta.
Zilikuwa zimeisha kona, njia imenyooka,
nikalegeza kisigino,
na ndama akavuka.

Sikumbuki mikono yangu ilifanya nini.
Nakumbuka jicho lake, jeusi, halina haraka,
na viazi vikigongana mgongoni mwangu kama meno.

Sokoni namwagia rimu maji: tsss.
Mama Sekela anahesabu debe, mimi nahesabu kona.
Leo imezidi moja.
Ni ile ya ndama, niliyoikata mwenyewe
pasipo na kona.
Dereva wa Fuso hataikuta,
Obadia nitamwambia, ataiongeza.

"Bei imeshuka," anasema Mama Sekela.
Hapa kila kitu kinashuka, namjibu,
nakung'uta magunia matupu, nayakunja,
naigeuza baiskeli itazame juu.