Rubya, Keria Tupu

Tulilala Nansio, chandarua kina tundu la ngumi.
Saa kumi na moja Limi alikuwa uani tayari,
anajaza upepo kwa pampu ya mguu
inayolia kama bata aliyekwisha kujua kuna wageni.
"Amkeni. Msitu hauletwi kitandani."

Tulikuwa wanne:
Limi wa maabara ya Bugando, plasta mfukoni;
Nkwabi, muuza simu wa Makoroboi,
mwenye gia ishirini na moja, anazijua tatu;
mimi, na breki ya mbele niliyoifunga kwa mpira;
na Tungaraza, mwenyeji wetu, mzaliwa wa Murutunguru,
aliyebeba machungwa miaka kumi na mmoja
kutoka mashambani hadi gatini,
magunia mawili ubavuni, la tatu limekaa juu kama bwana harusi.
Tulitaka kumwazima baiskeli ya milimani.
Aliizunguka. Aliiinua kwa kidole.
"Hii ni ya mgonjwa," akasema,
akapanda Phoenix yake nyeusi, keria tupu.

Vumbi kwanza. Mihogo imeanikwa juu ya majabali,
ungedhani mawe yameota meno.
Watoto wakatukimbilia: "Mashindano! Mashindano!
Nani wa kwanza?" Nkwabi akasema yeye,
na alikuwa wa mwisho.

Kisha Rubya.
Jua likakatwa vipande vipande.
Chini, sindano za misonobari zimemeza kila mlio;
matairi yakanyamaza,
nikasikia pumzi yangu, na cheni, na kwa mbali ziwa
likijigonga mahali tusipopaona.
Njia ikainama.
Mizizi, dudududu, mpaka kwenye magego,
kona, shina, kona, tawi usoni,
Limi mbele anapiga vigelegele peke yake.
Nkwabi akaruka jiwe. Baiskeli ikatua.
Nkwabi akatua kwingine.
Tulicheka kwanza, ndipo tukauliza kama amevunjika.

Wa ajabu alikuwa Tungaraza.
Mtu wa magunia matatu
anayumba kama anayejifunza.
"Nyuma kwepesi," alilalamika. "Kunanipepea.
Kila mara nageuka, nadhani nimeangusha kitu."

Mwisho wa mteremko tulimkuta mama
amekalia mzigo wa kuni, anamenya chungwa.
Akatutazama mmoja mmoja,
kofia za plastiki, matope, goti la Nkwabi.
"Mnapeleka nini?"
Hatupeleki kitu, mama.
"Mnafuata nini?"
Limi akafungua mdomo. Nkwabi akachunguza gia zake.
Mimi nilikuwa na neno, mazoezi,
nikaona aibu kulitoa.
Akacheka mpaka maji ya chungwa yakamtoka puani.
"Basi mmetoka Mwanza kuja kuchoka."

Tungaraza hakucheka. Alikwisha shuka.
Aliupima mzigo kwa macho, akaupakia,
akaukaza kwa mpira wa tyubu,
fundo ambalo hakuna kati yetu aliyeliona likifungwa,
akaupiga kofi kama unavyompiga ng'ombe.
Akapanda.
Na jamani, Phoenix ilinyooka.
Hakuna shina lililomgusa. Aliingia kona kwa bega,
akatoka kwa nyonga, taratibu, kwa hesabu ya zamani,
kuni zikilialia nyuma yake,
na sisi na gia zetu zote tukamfuata,
tukipita mlemle alimopita.
Mama alibaki nyuma kabisa, mikono mitupu,
anairusharusha, hajui aiweke wapi.

Kesho yake gatini karani alizizunguka baiskeli zetu,
akabonyeza kalamu,
akaandika kwenye stakabadhi: Mizigo, mitatu.
Tungaraza aliyekuja kutusindikiza aliisoma kwa sauti, mara mbili.
Meli ilipong'oa
alituruhia machungwa sita kutoka nchi kavu.
Tulidaka mawili.