Rangi ya Pasaka

Kila Kwaresima doa linarudi
nyuma ya madhabahu, upande wa kaskazini,
umbo lake kama ini la mbuzi.
Nami kila mwaka nashuka Moshi mjini,
napandisha Machame ndoo mbili za rangi.
Jina langu linasomwa. Usharika unapiga makofi.

Mwaka huu fundi Aminieli hakufungua ndoo.
Aligonga plasta kwa kidole,
akaomba jembe,
akatoka, akaufuata unyevu migombani
kama afuataye mbuzi aliyekata kamba,
hadi kwenye mfongo,
pale nilipoubomoa usiku ule
maji yasifike kwenye kahawa ya Nderumaki,
ndugu yangu wa tumbo moja.
Nikayaacha yajiendee.
Yakaja kanisani.

Fundi hakusema neno. Alifuta jembe kwa jani la mgomba,
akanirudishia.

Bwana, miaka tisa nimekuomba ukuta mkavu.
Leo siombi.
Nimevaa mabuti, mawe ya kuzibia yako kwenye toroli,
ila mawe yatangoja.
Kwanza mlango wa Nderumaki, kule chini bondeni.
Ana mbwa,
na mbwa yule hanijui.