Kiko cha Laki Tisa

Nimeshika mabondo miaka ishirini na mitatu
pale Mwaloni, Kirumba. Najua kukiinua kitu juani
kikasema chenyewe: nina damu, nina maji,
nimelowekwa usiku ili niibe gramu.
Mkono wangu ndio mzani.
Ule wa chuma huja baadaye, kutoa ushahidi tu.

Kwa hiyo Premji aliponifungulia sanduku la mahameli
nyuma ya duka lake la nyavu, Makoroboi,
viko sita vimelala chali kama sato kwenye barafu,
sikuuliza bei. Niliomba maji, nikanawa mikono.

Cha kwanza kiling'aa mno.
Kinachong'aa hivyo kina la kuficha,
na kweli, chini ya rangi ukucha wangu ukakwama
penye lipu: tundu lililozibwa,
likapakwa hina kama donda mguuni mwa bibi harusi.
"Hicho ndicho ghali kuliko vyote, Mama Shigela."
"Najua," nikasema. "Donda halijawahi kuwa rahisi."

Cha pili kizito. Meno yangu ya mbele yamebaki mawili,
sitayafanya wapagazi.
Cha tatu nilikivuta kikapiga mluzi.
Sitaki kiko chenye maneno;
mwenye maneno nilishaolewa naye.

Kwa cha nne niliomba unyasi mmoja wa ufagio.
Premji akaguna, akauchomoa.
Nikaupitisha mdomoni mwa kiko, polepole,
ukatokea ubavuni mwa bakuli, juu, mbali na kitako.
Hapo tumbaku ya chini haitaungua kamwe,
itakaa ikilia majimaji.
Cha tano sikikumbuki.

Mwanangu Shigela alikuwa mlangoni
akihesabu kwa sauti: laki tisa, mama,
ni mabati thelathini, ni robo ya kiwanja Buswelu.
Kiwanja cha Buswelu, nikamwambia, kina wenyewe wawili
na wote wana hati.

Cha sita hakikupakwa kitu.
Mzizi wa kichaka cha ng'ambo, alisema Premji,
kichaka kinachoteseka mawemawe mpaka mzizi unafura.
Nikacheka. Kuteseka mawemawe!
Kije Bwiru kione miti yetu
inavyoyaatamia majabali kama kuku.
Lakini nilipokigeuzia dirishani, mistari ilipanda
toka kitakoni hadi ukingoni, wima, bila kukatika,
kama mvua unayoiona inanyesha Ukerewe
na wewe uko huku ufukweni, mkavu.
Unyasi ukapita, ukatua katikati ya kitako.
Nikavuta hewa tupu. Ikaja kimya.

Nilikuwa na miaka sita mama aliponituma moto.
Kiko chake cha udongo, waya shingoni,
nilikiwasha mimi jikoni, nikikohoa,
nikakimbia nacho uani kabla hakijazima.
Kilivunjika mara nne. Mara nne akanunua kingine
kwa mayai matatu. Piga hiyo hesabu, Shigela:
mayai kumi na mawili,
na mama hakuwahi kushika kitu chake mwenyewe
ambacho kingebaki nyuma yake.

Premji alishuka elfu ishirini, kisha akagoma.
Tukakiweka mzanini kwa mazoea: gramu arobaini na moja.
Hakuna bondo lililowahi kufika bei hiyo.

Daktari wa Bugando amesema nipunguze.
Nimepunguza: bakuli moja, baada ya mzigo wa mwisho,
na leo nimejaza theluthi tu,
maana kiko kipya hufundishwa taratibu.
Shigela akatoka jikoni, hakuna aliyemtuma,
na kaa jekundu kwenye koleo,
uso wa mtu aliyeibiwa mabati thelathini.
"Kaa litaunguza ukingo," nikamwambia.
"Hiki ni cha kiberiti."

Akabaki amelishika, linafifia,
na mimi najipapasa mifukoni.