Nyumba Ihamayo na Moto Wake

Saa nane na robo usiku, hospitali ya Castro.
Mvua ya Chiloé haibishi hodi, inaingia tu:
imo ndani ya viatu vya Rosamel Cárcamo,
imo katika ndoo mbili nilizozitega
mbele ya kabati la seva kuukuu.

Ndiyo maana tunahama.
Barua ya mkurugenzi inasema ni maendeleo.
Dari inavuja. Basi.

Ndani ya chuma hiki mnaishi kumi na moja,
mashine pepe,
pepe kama punje isiyo na kiini,
ukiipeta inapaa.
Na bado wewe, uliye wa maabara,
ndiwe uliyeshika damu ya kisiwa kizima:
nani ni kundi O, nani sukari yake imepanda,
na yule kichanga wa Quemchi aliyefika juzi
ambaye hadi sasa jina lake ni "Mtoto".

"Nyanya yangu Edelmira alihama bila kufungasha,"
anasema Rosamel, akikamua soksi.
"Waliing'oa nyumba kwenye nguzo zake,
wakaiwekea magogo chini,
maksai jozi saba mbele, majirani na kamba ubavuni.
Yeye akagoma kutoka. Alibaki jikoni
akichochea kuni chini ya sufuria ya viazi,
moshi ukitoka kwenye bomba,
nyumba ikikata shamba kama mtu mwenye miadi.
Walipofika kilimani, viazi vimeiva."

Naandika amri. Nabonyeza.
Nakubeba ukurasa kwa ukurasa,
kumbukumbu hadi kumbukumbu,
chini ya barabara, hadi jengo jipya,
lakini wewe u hai, huachi kuandika,
na kila ukurasa unaoubadilisha nyuma yangu
narudi kuufuata.
Duru ya kwanza, milioni mbili.
Ya pili, elfu arobaini.
Ya tatu, elfu tisini.

Elfu tisini?

Simu inalia. Ni Yasmín Chiguay, maabara:
"Ambulensi ya Dalcahue imeleta mama, anavuja damu.
Mtambo usinizimikie sasa, Ximena, tafadhali."
Kumbe unaandika kwa kasi kuliko nibebavyo,
nami nateka maji kwa tenga.

Kuna kitufe cha kulazimisha.
Kinakusimamisha ulipo, kinakusomba ulivyo.
Kidole cha Rosamel kinaelea juu yake.
"Dari haitangoja," anasema.
"Itangoja."

Tunakaa. Tone, ndoo. Tone, ndoo.
Mfuko wa kwanza wa damu. Wa pili. Wa tano.
Nayaona yote kwa namba zinavyopanda,
uso wa mtu siuoni.
Kisha, saa tisa kasoro dakika nane,
unapunguza mwendo
kama anayehema baada ya kupanda ngazi.
Elfu kumi. Mia sita. Thelathini.

Ukasita
kwa kitambo ambacho kope haiwezi kukimaliza,
ukaamkia ng'ambo ya barabara
katikati ya sentensi ileile,
na Yasmín, nilipompigia, akauliza:
"Bado hamjaanza?"

Wenzako tisa walivuka kabla ya alfajiri bila vituko.
Wa kumi na moja alikataa.
Aliachwa na marehemu Bahamonde
pamoja na nywila isiyoandikwa popote;
hakuna ajuaye kazi yake,
ila kila Ijumaa huamka,
hutuma kitu mahali fulani, hulala.
Tumemwacha na chuma chake.

Rosamel akazimwaga ndoo kwenye sinki,
akazirudisha palepale.