Mifuko ya Makoti ya Kukodi

Makoti hurudi Ijumaa asubuhi,
kumi na saba, mwaka mwingine ishirini,
begani mwa madereva wenye usingizi,
yakinuka sigara na pomedi
na jasho la mtu aliyekaa saa tatu
akitabasamu.

Mimi Araksi Tutunjian, mshonaji,
duka la pili baada ya kona, Mtaa wa Cahuenga.
Koti jeusi na tai yake, dola nne na nusu kwa usiku.
Nyota hawaji kwangu, nyota wana washonaji wao.
Waja wangu ni wale wa majina madogo
yapitayo upesi mwanzo wa filamu
watu wakiwa bado wanatafuta viti:
mnasa sauti, mkata filamu,
mchoraji wa kuta za uongo,
yule anayetengeneza mvua.

Kabla ya pasi napekua mifuko.
Ndiyo kanuni; wino ukipata moto hautoki tena.
Nimetoa njiti za kiberiti, kifungo cha lulu, nusu biskuti,
hereni moja ambayo sikuiulizia.
Na karatasi. Kila mwaka, karatasi.

Mshindi harudishi yake:
ameiangusha jukwaani, au jasho limeila.
Aliyeshindwa huniletea yake safi,
mikunjo minne, haijafunguliwa,
kama barua iliyokosa nyumba.

*Namshukuru mke wangu Lorene, aliyevumilia kelele.*
*Mama, nilikwambia.*
*Sitasema mengi*, kisha kurasa mbili.
Mmoja aliandika neno moja tu, *Pumua*,
akalipigia mstari.

Wasemao asiyekubali kushindwa si mshindani
hawajazishika karatasi hizi
zingali na umbo la kifua.

Mwaka wa hamsini na tatu macho yaliniuma,
binti yangu Shushan akafanya kazi yangu,
na Shushan hapekui.
Bwana Delmar Stroud wa sauti akaja mara ya sita:
mara sita jina lake ndani ya watano,
mara sita kumpigia mwingine makofi.
Nikampa lile la arobaini na mbili, bega la kulia limeshuka kidogo.

Ijumaa alilileta mwenyewe.
Hakuliweka mezani.
"Walipotaja jina la yule bwana," akasema,
"niliingiza mkono nishike karatasi yangu isinione.
Nikakuta mbili."

Ile ya pili aliisoma msalani, mlango amefunga,
nje watu wakicheka kwa sauti ambazo angeweza kuzipima.
"Ni nzuri kuliko yangu. Ni ya nani?"
Nikasema daftari haliandiki.
Daftari linaandika. Ni Ignatz Pohl, wa kuta za uongo,
tulimzika Novemba, mvua ya kweli ikinyesha.

Bwana Stroud akazikunja zote mbili pamoja,
akazirudisha alikozitoa,
akaligonga koti mara moja, kama mtu anayebisha hodi.
"Ziache. Wa mwakani asikae peke yake."

Mwaka wa hamsini na sita alishinda.
Alikuwa amenunua koti lake.
Nilimsikia redioni, sauti imekauka,
akamshukuru fundi wa nyaya, akamshukuru bosi,
akasahau kumtaja mkewe.

Lile la arobaini na mbili lingali hapa.
Mfuko wa ndani wa kushoto siupekui tena,
pasi naizungusha pembeni yake taratibu.
Karatasi zimefika kumi na moja; sijui nani anaongeza,
najua tu kwa uzito.

Mteja akilivaa mbele ya kioo hunyoosha mgongo,
hujipapasa upande wa moyo, huuliza
mbona hapa pazito.
Ni bitana, namwambia.
Ni bitana ya zamani.
Simama wima, nikufunge tai.