Hakuna Lenzi

Wasemao ya kale ni dhahabu
hawajapita Barabara ya Perth, hapa Dundee:
ya kale ni pauni nne, duka la msaada,
kati ya birika lisilo kifuniko na viatu vya harusi.
Bi Morag alikifuta kioo kwa ncha ya sweta.
"Kina kuvu ukingoni. Usije ukasema sikukwambia."

Pete ya kuungia, robo mzunguko,
tak!
Kamera yangu, mtoto wa juzi, ikang'aka:
HAKUNA LENZI.
Hakuna? Na huu uzito kiganjani,
baridi kama kitasa cha Januari?
Nikaingia kwenye menyu, nikaifunza adabu:
mgeni humjui, mpishe tu.

Sasa kazi ni ya vidole.
Tundu linasinyaa, mbili, nne, nane,
likigonga kila kituo.
Grisi imekauka. Nazungusha, narudisha,
na daraja la Tay linakuja, linapotea, linakuja,
kama jina lililo kwenye ncha ya ulimi.

"Baba, simu ingeshamaliza."
Ingeshamaliza, Saumu. Simama hapo hapo.

Picha ishirini na moja. Ishirini ni uji.
Katika ile moja
unywele umeukata upepo kama wembe,
na jua, likipenya kwenye kuvu,
limemwaga maziwa begani mwake.

Usiku nafungua taarifa za faili.
Saa ipo, tarehe ipo.
Penye jina la lenzi pana kistari.
Nakigeuza kioo chini ya taa: ubavuni
mtu alichora kwa sindano, R.K.

Nafuta kistari.
Naandika.